Gole la Kidoti



Wasomaji wetu wapenzi, juma lililopita niliahidi kuendelea na habari za kuhifadhi samli wakati wa joto. Niwieni radhi, samli itangoja. Nimerudi juzi kutoka Masalani, katika Ijara, nilikokwenda kumzuru mdogo wangu aliyeolewa huko, na katika siku tisa nilizokaa, tano nilizitumia kumuuguza kuku. Wako watakaocheka. Mimi pia ningecheka, lau ningesimuliwa na mwingine.

Kwa asiyeijua, Ijara iko kusini ya Kaunti ya Garissa, ng'ambo ya mashariki ya Mto Tana, baina ya mto huo na msitu wa Boni; ukizidi kwenda kusini unaingia Lamu. Ni nchi ya ng'ombe. Mzee wa Ijara humtazama ndama akienda hatua kumi, akakwambia ana nini. Wakati wa homa ya Bonde la Ufa, mwishoni mwa mwaka 2006 na mwanzoni mwa 2007, nchi hiyo iliona mifugo ikitupa mimba na watu wakifa, na tangu hapo wenyeji wanajua kwamba mbuzi wakitupa mimba kwa wingi baada ya mvua kubwa, si wa kuguswa kwa mikono mitupu wala wa kuchinjwa. Huko Ishaqbini, wamemtengea swala adimu aitwaye hirola eneo lililozungushiwa ua tangu mwaka 2012, ili wanyama wakali wasimfikie. Watu wa namna hiyo hawahitaji somo la mifugo kutoka kwangu.

Lakini kuku ni habari nyingine. Kuku hahami. Katika mila ya mfugaji wa Kisomali, kiumbe asiyeweza kuifuata mvua hakuhesabiwa kuwa mali, na wako wazee ambao hata kumla hawamtaki. Mdogo wangu alipoolewa alikwenda na tenga la kuku saba pamoja na vyombo vyake. Mama mkwe wake, ambaye wajukuu humwita ayeyo, alilitazama tenga lile, akasema kwamba bibi harusi ametuletea ndege.

Wale saba walizaana, wakafika ishirini na kitu, wakapungua kwa ukame ulioanza 2020, misimu mitano ya mvua ikapita bila ya mvua ya maana. Kisha ikaja vuli ya mwaka 2023, na El Nino yake, na mto uliokuwa ukiombewa ujae ukajaa kupita kiasi. Maji yaliingia mashambani usiku. Kuku wote walichukuliwa isipokuwa mmoja, tetea wa rangi ya majivu mwenye alama nyeupe shingoni, ambaye binti wa mdogo wangu, mtoto wa miaka minane, alimfunga ndani ya mtandio wake akatoka naye kifuani hali maji yamemfika magotini. Familia ilikaa majuma matatu katika nyumba ya jamaa kwenye mwinuko, na kuku akakaa chini ya kitanda cha mtoto. Huyo ndiye Kidoti. Nakuelezeni haya ili mjue kwamba pale nyumbani hakuna aliyekuwa akizungumza juu ya kitoweo, ingawa neno lililokuwa likitajwa lilikuwa ni kitoweo.

Nilipowasili, Kidoti alikuwa amesimama pembeni mwa ua, manyoya ameyatutumua, macho nusu yamefumba, na undu wake umefifia. Kila baada ya muda alinyosha shingo na kuipindapinda kama mtu aliyekwamwa na tonge. Mbele ya kidari chake, kidogo upande wa kulia, palikuwa na uvimbe mkubwa kama chungwa. Mtoto alinishika mkono kabla sijavua buibui. "Mama mkubwa, Kidoti hali tangu jana, na tumbo lake limehamia shingoni."

Ayeyo alikuwa amekwisha kata shauri: kuku achinjwe kabla ya Magharibi, asije akafa usiku akawa nyamafu. Hilo si neno la ukatili. Ni neno la mtu aliyefuga miaka sitini na anayejua kwamba mnyama aliye hai akichinjwa kwa sheria yake ni halali, na akifa mwenyewe hana faida kwa yeyote. Nilimwomba siku tatu. Akasema, "Siku tatu, kwa ajili yako wewe mgeni." Kisu kikabaki juu ya kabati, mahali ambapo mtoto alikuwa akikiona.

Hapa sina budi kukiri jambo ambalo sijapata kulisimulia. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, kwetu Lamu, kuku wa marehemu bibi alivimba hivyo hivyo. Mtu mzima mmoja, aliyesadiki kwamba anajua, aliniambia nimshike miguu, nimning'inize kichwa chini, nimkamue shingo ili uchafu utoke. Ukatoka kweli, maji yenye harufu ya togwa lililochacha, na kuku akatapatapa mara mbili akafa mikononi mwangu. Kwa miaka mingi nilidhani ameuawa na maradhi. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba tundu la pumzi la kuku liko pale pale kwenye shina la ulimi, na kwamba kile kilichopanda kutoka chini kiliingia mapafuni. Hakufa kwa maradhi. Alizama. Basi la kwanza ninalomwomba msomaji, hata kama hatasoma mengine, ni kwamba kuku mwenye uvimbe huo asipinduliwe kichwa chini. Daktari wa mifugo anayejua namna ya kumshika huenda akalifanya jambo hilo kwa haja yake, nasi tulio majumbani tuliache.

Ule uvimbe ni gole. Chakula cha kuku hakiendi moja kwa moja tumboni. Kuku hana meno, humeza upesi kila anachokiona kabla mwenzake hajakiona, na kukiweka katika mfuko huo ulio chini ya shingo. Humo chakula hulainika kwa maji, kisha kikashuka kidogo kidogo kwenye tumbo lenye tezi za kusaga kwa ukali wake, na baadaye kwenye firigisi, ambayo ni kinu chake. Na meno ya kinu hicho ni changarawe anazookota ardhini. Usiku, kuku akilala, gole humalizika kazi yake. Kwa hiyo jioni gole lililojaa ni afya, na alfajiri gole lililojaa ni ugonjwa. Kipimo ni hicho, wala hakitaki chombo. Amka kabla hajala kitu, mpapase. Akiwa mzima utakuta mfuko mtupu, ngozi tu baina ya vidole.

Nilingoja alfajiri. Baada ya Sala nilimpapasa Kidoti, na gole lilikuwa vile vile, gumu, zito, kama donge la unga wa chapati uliosahauliwa. Nikamfungua mdomo nikanusa. Hapakuwa na harufu mbaya. Jambo hili lina uzito wake, kwa sababu gole huugua kwa njia mbili ambazo hazifanani. Moja ni kuziba: kitu kirefu au kikavu kimejikunja humo, hakishuki, na mkono hukuta ugumu. Nyingine ni kuchacha: humo ndani fangasi wa jamii ya hamira wamezidi, mkono hukuta mfuko laini wenye maji kama kiriba, na mdomo hunuka ukali. Mara nyingi la kwanza likikaa siku nyingi huzaa la pili, na ndiyo maana sikutaka kupoteza siku.

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, nilikuwa nimeuliza kama kuku wengine wa jirani ni wagonjwa. Kwa sababu kideri nacho huweza kumjaza kuku maji gole na kumfanya azubae. Kideri hakimshiki mmoja kikamwacha mwenzake: utaona kinyesi cha kijani, kuhema kwa mdomo wazi, shingo kupinda, na mtaa mzima kuanza kupoteza kuku. Kikiwa ni hicho, hakuna mafuta wala kukanda kutakakofaa, wala hakina tiba. Kilichoko ni chanjo ya kabla, ambayo taasisi ya taifa ya chanjo za mifugo, KEVEVAPI, huitengeneza, na ambayo kuku wa kienyeji hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Jirani wote walisema kuku wao wazima. Tukaendelea.

Siku ya kwanza tulimtenga katika tenga lililotandikwa kitambaa kitupu. Si nyasi wala majani makavu, kwani kuku mwenye njaa atakula kitanda chake. Chakula kigumu tulikizuia mchana na usiku ule, maji safi tukamwachia. Kisha nikachukua bomba la sindano lisilo na sindano, nikalitia mafuta ya zeituni nusu kijiko cha chai, nikamwita mtoto amshike mbawa, nikadondosha tone moja moja pembeni mwa mdomo, na kila tone nikangoja alimeze. Mafuta ya kupikia ya kawaida yangefaa vile vile. Kinachoua si aina ya mafuta bali ni haraka ya mkono. Ukimwaga kwa pupa utampelekea yale yale niliyompelekea yule wa Lamu.

Baada ya hapo nikakanda. Vidole vitatu, kwa upole, ukizunguka lile donge kutoka kando kuelekea kati, kama unayelivunja pande la tende bila ya kutaka kokwa itoke. Dakika tano, kisha kumwacha apumzike, na kurudia mara nne mchana. Mtoto alikanda vizuri kuliko mimi. Mikono yake ni midogo, na yeye hakuwa na mawazo mengine.

Adhuhuri mdogo wangu alirudi kutoka sokoni na pakiti ya unga wa dawa. Alikuwa ameingia katika duka moja la dawa za mifugo, akasema kuku amevimba shingo, na muuzaji, bila ya kuuliza hata swali moja, akampimia dawa ya kuua bakteria, akapokea pesa zake. Sitalitaja duka, na sidhani kwamba ni la peke yake. Nikaisoma pakiti, nikaitia mkobani mwangu, na imo humo hadi leo. Dawa ya namna hiyo haivunji donge la nyasi. Zaidi ya hayo, huwaua wale bakteria ambao kuwepo kwao ndiko kunakowazuia fangasi wasitawale, na gole lililoziba leo likawa gole lililochacha kesho. Gole lililokwisha kuchacha lina dawa yake, nistatini, inayowaua fangasi, nayo hupimwa na mtu wa mifugo aliyemwona kuku. Dada zangu, tuna tabia ya kuamini kwamba tukitoka dukani na kitu mkononi tumekwisha fanya jambo.

Usiku wa kwanza haukuleta kitu. Alfajiri ya siku ya pili donge lilikuwa limelainika kidogo upande mmoja, lakini lilikuwapo, na kuku amepungua uzito hata mfupa wa kidari ulichoma kiganja. Ayeyo alikuja kutazama, akasimama, hakusema neno. Sikujua nimwambie nini mtoto. Naye alikuwa ananitazama kwa namna ile ambayo watoto humtazama mtu aliyewaahidi, na mimi sikuwa nimeahidi. Au nilikuwa nimeahidi kwa kuja kwangu na bomba langu na kusema kwangu kwamba najua.

Tulipokuwa tunakanda nilimsimulia habari ya Abu Umayr, iliyomo katika Bukhari na Muslim, yule mtoto wa Madina aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Ndege alikufa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomwona mtoto ana huzuni alimwita kwa jina lake na kumuuliza amefanya nini yule ndege wake. Nilitaka kumliwaza. Akanikatiza: "Kwa hiyo alikufa?" Nikasema ndiyo, alikufa. Akaendelea kukanda. Ilinipitikia kwamba nimechagua hadithi vibaya, kisha ikanipitikia kwamba huenda sikuchagua vibaya.

Jioni ya siku hiyo ya pili nilimpa tena mafuta, nusu ya kile cha kwanza, na maji ya uvuguvugu kwa matone, tukakanda mara moja zaidi kabla ya kulala. Alfajiri ya tatu mtoto alinitangulia. Alikuja kuniamsha akiwa ameshika kitambaa cha tenga kwa ncha mbili, kama mtu anayebeba johari, na juu yake palikuwa na kinyesi, kingi, chenye nyuzi za majani ya kijani kibichi, na ndani yake uzi mweupe wa nailoni urefu wa kidole. Ni uzi wa gunia la unga. Kumbe ndio uliokuwa umefunga lile furushi la nyasi. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, lakini magunia ya nailoni yangali yamejaa nyuani mwetu, yanachanika kwa jua, na kuku huona nyuzi zake kama minyoo. Na hapa niongeze: ukimwona kuku ana uzi unaning'inia mdomoni, usiuvute. Hujui mwisho wake umefungana na nini huko ndani.

Gole lilikuwa limepungua hadi kiasi cha limau. Kufikia siku ya tano lilikuwa tupu alfajiri.

Kumlisha baada ya njaa nako kuna adabu yake. Tulianza na yai la kuchemsha lililopondwa, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, kisha papai bivu, kisha chakula chake cha pumba kilichorowekwa. Mkate hatukumpa, wala kitu chenye sukari, kwani fangasi hupenda tamu kuliko sisi. Nafaka kavu ilikuja mwisho, pamoja na kisahani cha changarawe za mtoni, ambazo pale Masalani, baada ya mafuriko kuutandaza udongo wa mfinyanzi juu ya kila kitu, kuku huzipata kwa shida. Nadhani hilo lilikuwa nusu ya sababu. Nusu nyingine ni nyasi. Baada ya miaka ya ukame nyasi zilipanda hadi magotini, na kuku aliyezoea kudonoa vumbi akajikuta anameza majani marefu kama kamba. Tulizifyeka zote zilizozunguka nyumba, zikabaki fupi, na magunia mabovu tukayakunja tukayatia ghalani.

Lau siku ya tatu ingepita bila ya mabadiliko, ningefanya nini? Nimeulizwa swali hili na mume wangu, na nalijibu kwa uwazi. Liko tendo la kupasua gole na kulisafisha na kulishona, na daktari wa mifugo hulifanya, na kuku wengi hupona. Wako majumbani wanaolifanya kwa wembe na uzi wa kushonea nguo. Mimi simo, kwa sababu ya maumivu ya yule kiumbe na kwa sababu ya uchafu unaoingia kwenye jeraha. Kama daktari hapatikani na kuku anakonda kwa njaa huku gole limejaa, basi ayeyo ndiye mwenye haki. Kisu kinolewe vyema mbali na macho yake, alazwe kwa utulivu, na jambo limalizike upesi, kama tulivyofundishwa. Kumwacha afe kwa siku kumi kwa sababu mtoto analia, hiyo ni huruma kwa nafsi zetu. Ningemwambia mtoto hivyo. Namshukuru Mungu sikuhitaji kumwambia.

Gole la Kidoti halikurudi kuwa kama lilivyokuwa. Limeachia kidogo, linaning'inia, kwa sababu misuli yake ilivutwa mno, na yumkini atakuwa hivyo maisha yake yote. Mwenye kuku wa namna hiyo humlisha kidogo kidogo mara nyingi, na humpapasa kila alfajiri.

Jana usiku mdogo wangu alinipigia simu. Kidoti hajaanza kutaga, lakini anakula na anapigana na jogoo wa jirani. Nikamuuliza kama mtoto anakumbuka kumpapasa asubuhi kabla ya kwenda shule. Akasema mtoto hapati nafasi: ayeyo huamka kabla yake, akamaliza Sala, akatoka uani na tasbihi mkononi, akamshika yule ndege, kisha akawatangazia walio ndani kwamba ni tupu.

Juma lijalo, inshallah, samli.